Kwetu Uru anayeshikilia kitongoji ni mzee wa mfongo

Mleta uzi ameuliza: ukiwaacha viongozi wa kuchaguliwa na watu wa miradi, kwenu ni nani ambaye akikosekana wiki moja tu mtaa mzima utayumba? Wengi mmewataja walimu, wakunga na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na sina ubishi. Mimi namleta mzee mmoja wa Uru, Moshi Vijijini, ambaye kazi yake wengi mliokulia mjini hamjawahi kuiona. Anagawa maji ya mfongo. Jina lake silitaji, hajanipa ruhusa, na simu yake ni ya kitochi kwa hiyo hatasoma hapa. Tumwite Meku, ndivyo tunavyowaita wazee wetu.

Kwa wasioujua, mfongo ni mfereji wa udongo unaochepua maji ya kijito huko juu, karibu na msitu au ndani yake, ukayatembeza ubavuni mwa mlima hadi kwenye vihamba, yale mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba zetu. Hakuna pampu wala bomba. Kazi yote ni ya mteremko: ukizidi, maji yanakula udongo na mfongo unakatika, ukipungua, yanasimama na kujaza tope. Wajerumani walipofika Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19 waliikuta mifongo inatiririka, imechimbwa na koo za hapa kwa kipimo cha jicho na maji yenyewe. Kihamba bila mfongo wakati wa kiangazi ni shida tupu. Juu kuna mringaringa na grevilea, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini kabisa magimbi, na vyote vina kiu. Jirani zetu wa Shimbwe Juu, hapo hapo Uru, kilimo chao cha kihamba kilitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Sifa nzuri, ila urithi huo kila asubuhi lazima mtu aamke akauzibue.

Nilimfahamu Meku vizuri kwa aibu. Mwaka 2016 nilipoteza kazi Dar, nikarudi kwa mama. Kahawa yetu ilikuwa imezeeka, bei haieleweki, nikang'oa kipande nikapanda nyanya na hoho. Kichwani nilikuwa bado mtu wa mjini: nikifungua bomba, maji ni yangu. Usiku mmoja wa Septemba, jua limechoma wiki tatu, niliona maji yanapita juu ya shamba letu yanaenda zake. Nikachukua gunia la mchanga na mawe mawili, nikaziba mfongo, nikafungulia kwangu. Kufikia saa kumi alfajiri nyanya zilikuwa zimeshiba. Nilirudisha kila kitu kama kilivyokuwa, nikalala.

Saa moja asubuhi Meku alikuwa uani, gambuti miguuni, jembe begani. Alimsalimia mama kwanza, akapokea chai, akauliza habari za ng'ombe. Kisha akanigeukia.

"Zamu yenu ni lini, baba?"

"Alhamisi, Meku."

"Na jana ilikuwa siku gani?"

Nilinyamaza. Akasema, "Twende tukatembee."

Tulishuka kama robo saa hadi kwenye nduwa, lile bwawa dogo la udongo linalojazwa na maji ya usiku ili alfajiri yafunguliwe kwa nguvu moja yafike vihamba vya chini. Peke yake, maji ya mfongo mdogo hunyonywa na udongo njiani kabla hayajafika mwisho, yakikusanywa yanasukumana. Nduwa ilikuwa nusu. Kando yake walisimama watu wa nyumba nne wameshika majembe, na mmoja wao ni mama mjane ambaye niliwahi kusoma darasa moja na mtoto wake. Meku hakunitaja. Alisema tu, "Huyu kijana ana neno," akakaa kwenye jiwe.

Wakuu, nimewahi kusimama mbele ya mabosi nikijieleza kwa nini hesabu haijatimia. Haikuwa ngumu kama asubuhi ile.

Faini ilikuwa shilingi 20,000, siku mbili za kusafisha mfongo, na debe la mbege, pombe yetu ya ndizi. Pesa iliingia kwenye mfuko wa mfongo. Mbege tulikunywa wote pale pale nduwani jumapili yake, na yule mama mjane ndiye aliyenipokeza kata ya kwanza. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba debe lile halikuwa nyongeza ya adhabu. Ndiyo sehemu inayohakikisha kesho yake mnasalimiana.

Miezi michache mbele wakanifanya katibu wa kamati ya mfongo, kwa sababu tu nina mwandiko unaosomeka na macho hayajaanza kusumbua. Kazi yangu ni kaunta buku: nani ana zamu, nani kalipa mchango, nani hakutokea msaragambo (kazi ya pamoja ya kutengeneza mfongo). Kupitia daftari hilo nimeiona kazi ya Meku kwa ndani, na ndiyo hasa ninayotaka kuwaelezea, maana ukimwona njiani utadhani ni mzee anayetembea kupunga upepo.

Huamka saa kumi. Hufuata mfongo kwenda juu, panga mkononi, akisikiliza kabla hajaona. Panapovuja husikika. Tobo la panya au kaa analiziba kwa udongo na vipande vya mgomba, pakubwa anaweka alama ya tawi ili turudi wengi. Akifika kwenye magawio anapima kwa mkono maji yanayokwenda kila upande. Akishuka, watu wanamsubiri kwenye vichochoro, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanzia: mtoto wa fulani kalazwa hospitali ya KCMC, hawezi kumwagilia kesho, abadilishane na nani? Nyumba ile ina msiba, zamu yao isogezwe. Huyu anadai mwenzake kachelewa kufunga nusu saa. Zamani walipima kwa kivuli, siku hizi kila mtu ana saa ya simu na zote hazilingani (msicheke, tumeshakaa vikao viwili kuhusu saa ya nani ndiyo saa).

Sijawahi kumsikia akisema "sheria inasema". Husema, "Mpe leo, naye atakupa." Na anakumbuka. Ana umri wa kutosha kujua kwamba baba yako alisaidiwa zamu mwaka fulani wa ukame na ukoo unaougombeza leo, na atakuambia hilo mbele ya watoto wako. Kaunta buku langu halina safu ya mambo hayo.

Kazi imekuwa ngumu kuliko alivyoipokea, na sababu ni sisi wenye hoho. Enzi za kahawa na ndizi kila nyumba ilihitaji maji kwa majira yale yale na kwa kiasi kinachofanana, zamu ilijipanga yenyewe. Mboga hazitaki hivyo. Mwenye nyanya anataka kidogo kila siku ya tatu, mwenye parachichi changa anataka kila wiki, mwenye migomba anataka mengi kwa mkupuo. Tulijaribu kuandika ratiba mpya ya haki kabisa, mimi ndiye niliyeichora, kwa rangi. Ilidumu siku tisa. Meku aliiangalia akasema ni nzuri sana, aibandike wapi? Akairudisha ile ya zamani na kuacha maji ya mchana wa Jumamosi wazi kwa kubembelezana. Hiyo ndiyo inafanya kazi mpaka leo.

Kuna jambo ambalo simsifii. Enzi za babu zetu mwanamke hakuruhusiwa kupanda hadi banioni, pale maji yanapochepuliwa kutoka mtoni, na kwenye kamati hakuwamo. Lakini nenda vihambani leo uone nani anashika jembe la kumwagilia: wanaume wengi wako Moshi mjini, Arusha, Dar, wanarudi Desemba na magari. Ilichukua mabishano mengi kumweka yule mama mjane kwenye kamati, na Meku alikuwa upande wa waliokataa. Alikubali aliposhindwa kura. Sasa mama huyo ndiye mweka hazina, na mfuko haujawahi kuwa safi hivi. Meku mwenyewe humpelekea wadaiwa sugu, maana anajua kwake hawatoki bila kulipa.

Sasa kuhusu miradi, kwa kuwa kuna mchangiaji kasema vijiji vinahitaji wataalamu na si wazee. Tuliletewa mradi. Aliyeuleta simtaji. Walikuja kujenga banio la zege, na wazee wakawaambia mto huu masika unabeba mawe makubwa kama debe. Banio letu la mawe na matawi tunalijenga makusudi livunjwe na mafuriko, maji yanapita, mchanga unapita, sisi tunalijenga tena kwa siku moja. Wataalamu wakaandika, wakapiga picha, wakamwaga zege. Masika ya kwanza banio halikuvunjika, kweli. Lilijaa mchanga hadi mdomoni, mto ukachimba kando na kupita pembeni, mfongo ukakauka wiki nne. Lango la chuma likapata kutu halifunguki. Mimi si adui wa zege. Sehemu ya mfongo inayopita kwenye udongo wa kichanga tuliisakafia kwa michango yetu na imetuokolea maji mengi. Ila tuliisakafia pale Meku alipoonyesha kwa fimbo.

Mambo ya ofisini nayo yamemwangukia. Bodi ya Maji Bonde la Pangani ipo tangu 1991, na mto wetu hauishii kwetu: huko chini kuna mashamba ya mpunga, kuna mashamba ya miwa, kuna bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani. Kila mmoja anatazama juu na kuuliza maji yamekwenda wapi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka vibali na jumuiya za watumia maji, na kuna ada. Wazee wengi walikuwa wakali: tulipie maji ya mfongo uliochimbwa na babu zetu? Meku alikwenda vikao vya bonde, akakaa karibu na mkulima wa mpunga kutoka Mabogini, akarudi ametulia. Alituambia, "Yule bwana naye yuko mwisho wa mfongo, mfongo wake tu ni mrefu." Tukajisajili. Na tangu msitu ulipoingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, hatuendi banioni na mapanga bila kuwapa taarifa askari wa hifadhi kwanza. Anayekwenda kuwaona ni yeye, na hurudi na ruhusa.

Malipo yake? Halipi mchango wa mwaka, basi. Msimu wa ndizi mbivu mkungu mmoja mmoja unafika kwake bila yeye kuomba. Tuliwahi kupendekeza posho ya mwezi, akakataa, akasema akilipwa atakuwa na bosi.

Mleta uzi aliuliza pia mtu kama huyu asaidiweje. Nilivyoona mimi: mliopo mjini mna vihamba huku, lipeni michango ya mfongo kwa wakati, na mkishindwa kuja msaragambo tumeni kibarua, siyo salamu. Waambieni vijana mnaowaachia nyumba kwamba zamu ni zamu. Na gambuti. Mzee anavaa namba tisa, za sasa zimepasuka kisigino.

Goti lake la kushoto limeanza kumsumbua. Tangu Juni anatembea na kijana mmoja wa bodaboda ambaye wengi hapa kijijini hawakumdhania. Nyumba yao iko mwisho kabisa wa mfongo, na amekulia kwenye ugomvi wa maji. Asubuhi anafuata mfongo na Meku, saa mbili anawasha pikipiki kwenda kijiweni. Wiki iliyopita Meku alimwacha agawe peke yake siku ya Jumanne. Ugomvi ulitokea mara mbili. Mmoja aliumaliza, wa pili alimpigia mzee simu.

Keshokutwa Jumamosi tuna msaragambo kuanzia saa kumi na mbili, sehemu ya juu imebomoka mita kama ishirini baada ya ng'ombe kukanyaga kingo. Huko hakuna mtandao. Mwenye swali aliache hapa, nitajibu nikishuka jioni.