Alifia kambini Tabora, kaburi hatulijui: sisi tulivyomkumbuka

Mkuu, umeuliza mumfanyieje babu yenu aliyefia mikononi mwa adui, mwili haujarudi, na wazee wanabishana kama tambiko bila kaburi linafaa. Sisi huku Njombe tumeyapitia hayo.

Baba yake babu yangu alikuwa askari wa Mjerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Oktoba 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilipita huku Ubena likielekea Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), naye alikuwamo. Bibi alisimuliwa kwamba alipita karibu kabisa na kwao, asipate ruhusa ya kwenda kusalimia. Tarehe 25 Novemba wakaweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Askari Waafrika zaidi ya 1,100 pamoja na wapagazi wakapelekwa Kasanga, wakapitishwa Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, kisha treni hadi Tabora, wakawekwa kambini. Yale mafua makali ya mwaka ule yakawakuta humo. Mtu katembea porini miaka minne, risasi zimemkosa, anakuja kufa kwa homa vita vimeshakwisha! Hapo ndipo paniumapo mpaka leo.

Mwenzake aliyepona ndiye aliyeleta habari, na blanketi lake. Baada ya hapo jina lake likawa halitajwi sana nyumbani, kwa sababu Mjerumani aliyemtumikia ndiye aliyechoma mashamba na maghala ya watu wakati wa Majimaji. Nahisi wazee wenu nao wamekwama hapo, wala si kwenye kaburi.

Baba ndiye aliyekata shauri. Mdogo wangu alikuwa Tabora, akaleta udongo. Hakuhangaika kuitafuta kambi. Aliuchota karibu na stesheni, maana pale tuna hakika alishuka. Tukaufukia pembeni ya kaburi la mkewe, ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukamiminwa, wazee wakamwita kwa jina, na shangazi akasimulia yote, hata yale ya kumtumikia Mjerumani. Watu walilia kama msiba wa jana.

Dar es Salaam ipo Sanamu ya Askari ya 1927. Maandishi yake yanaahidi kwamba ukifa ukiipigania nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako. Lakini haina jina la askari hata mmoja, tena ni ya waliokuwa upande wa Mwingereza. Wa kwetu tumemwandika wenyewe kwenye saruji, jina lote na neno Tabora.

Anzeni na mzee wenu mwenye umri mkubwa kuliko wote, mrekodini hata kwa simu, wiki hii hii. Sisi tulichelewa, jina la mama yake hatukulipata.