Kabla ya Kugawanya Nambari Kubwa, Jua Sura ya Kigawanyo Chake

Likizo moja ya Desemba, hapa Kisumu, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu niliyekuwa nikimfunza hisabati alinionyesha 2,147,483,647, ambayo ni nambari kamili kubwa zaidi inayotoshea katika biti 32 iwapo biti moja imetengewa alama ya chanya au hasi. "Mwalimu, wanasema ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Wamejuaje?" Nilifungua daftari nikaanza kugawanya kwa 3, 7, 11, 13, na kuendelea. Baada ya usiku mitatu nilikuwa bado mbali mno, kwa kuwa ni lazima ujaribu kila tasa hadi kipeuo cha pili cha nambari hiyo, ambacho ni takriban 46,340, na chini yake mna tasa karibu 4,800.

Ninachomshauri yeyote anayepima nambari kama hii ni aanze kwa kuuliza kigawanyo chake, kama kipo, lazima kiwe na sura gani. Nambari yetu ni 2 kwa kipeo cha 31, ukitoa 1. Tasa yoyote inayoigawanya, tuiite p, huacha baki la 1 inapogawanya 2 kwa kipeo cha 31. Na kwa sababu 31 yenyewe ni tasa, lazima 31 igawanye p kutoa 1. Kwa kuwa p ni witiri, ikigawanywa kwa 62 itabakisha 1. Tena, ikigawanywa kwa 8 itabakisha 1 au 7 tu. Ukiunganisha masharti hayo mawili, p ikigawanywa kwa 248 hubakisha 1 au 63. Mwanahisabati Leonhard Euler alipothibitisha mwaka 1772 kwamba nambari hii ni tasa, alipita njia hiyo, nayo inawaacha wagombea wasiofika 400, ambao wengi wao si tasa na unaweza kuwaruka.

Usilikubali jambo hili kwa kuambiwa. Jaribu kwanza 2,047, yaani 2 kwa kipeo cha 11 ukitoa 1, ambayo ni 23 mara 89: zote mbili hubakisha 1 zikigawanywa kwa 22. Mfano huu mdogo ulinifundisha zaidi ya kurasa zote za usiku ule mitatu, kwani unaonyesha pia kwamba kipeo kuwa tasa hakutoshi.

Kwa nambari kubwa zaidi, kugawanya hakufai. Ni heri mbinu ya mwanahisabati Édouard Lucas, aliyethibitisha mwaka 1876 kwamba 2 kwa kipeo cha 127 ukitoa 1, yenye tarakimu 39, ni tasa.

Andika kila baki, kisha lihakiki kwa kuzidisha, kwa maana uthibitisho wote umo katika mabaki hayo. Mimi na mwanafunzi wangu tulianza kuigawanya 2,147,483,647 kwa 311, tasa ya kwanza yenye sura ile, ikabakisha 35, tukaenda 1,303, ikabakisha 226. Wakati fulani tulipata sifuri, tukanyamaza kidogo, kisha tukazidisha tena na kugundua kwamba tulikuwa tumenakili tarakimu moja vibaya. Tulirekebisha mstari huo, tukaendelea mpaka tukavuka 46,340, na hapakuwa na sifuri nyingine.