Anzia Kizimkazi
Umeuliza kama ni lazima kwenda Ulaya ili kujifunza sanaa ya nyumba za ibada za kale. Si lazima hata kidogo! Anzia msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya karne ya 18, lakini kwenye kibla yamo maandishi ya Kikufi (mtindo wa kale wa kuandika Kiarabu) yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Yakodolee macho. Yamechongwa kwenye matumbawe, ambayo huwa laini yakitoka baharini kisha hukauka yakawa magumu. Ndiyo maana fundi aliweza kuzirembesha herufi kiasi kile. Kisha nenda Kilwa Kisiwani, utazame kuba za Msikiti Mkuu, kwenye sehemu iliyoongezwa karne ya 14. Beba daftari uchore.