Kabla hamjauza kiwanja: figo ya mdogo wangu, kadi ya bima na daftari la michango

Dada, umeuliza mambo mawili. Mume wako anasafishwa damu mara tatu kwa wiki hapo Arusha, kazini kwake wana bima ya kampuni binafsi, na daktari ameshawaambia mtafute ndugu wa kumpa figo: je, bima italipa upandikizaji? Na je, muuze kiwanja cha Ngaramtoni sasa hivi, maana mteja yupo? Waliotangulia wengi wamekuambia "uhai kwanza, uza". Mimi nasema msiuze bado. Nilikuwa mweka hazina wa familia wakati wa ugonjwa wa mdogo wangu, na daftari ninalo hadi leo. Nakujibu kutoka humo.

Mdogo wangu alikuwa karani wa shamba la maua, Usa River. Presha aliigundua 2018, vidonge akawa anameza akikumbuka. Mwishoni mwa 2020 akaambiwa figo zote mbili zimekwisha, Januari 2021 akaanza mashine. Kadi ya kazini ilipokelewa bila maneno. Anaweka dole gumba, analala kwenye kiti saa nne nzima, anarudi nyumbani amechoka lakini yu hai. Sisi huku tukatulia. Katika ukoo mzima hakuna aliyeuliza kadi ile ina kiasi gani ndani.

Jumanne moja mwishoni mwa Aprili nilimpeleka mwenyewe. Dada wa mapokezi akaingiza namba, akasubiri, akaingiza tena. Kisha akairudisha kadi juu ya kaunta akiisukuma kwa kidole kimoja, kama mtu anayekurudishia noti iliyochanika. "Imefika kikomo, kaka. Leo mnalipa taslimu?" Nilikuwa na elfu arobaini mfukoni, nauli na chakula.

Sasa fanya hesabu hii usiku wa leo. Tulikuwa tunatozwa laki mbili kila akiingia mashine (bei yenu iko kwenye risiti, tumia hiyo). Mara tatu kwa wiki ni mara 156 kwa mwaka, yaani shilingi 31,200,000. Mkataba wetu ulikuwa umeandikwa milioni 40 kwa maandishi makubwa, ila hiyo ilikuwa ya kulazwa. Magonjwa sugu yalikuwa na fungu lake, milioni 10 kwa mwaka, ukurasa wa nyuma kabisa, maandishi ya kusomea miwani. Milioni kumi kwa laki mbili ni mara hamsini. Wiki kumi na sita na siku kidogo. Ndiyo Aprili ileile.

Kwa hiyo kabla ya dalali, nenda kwa afisa utumishi wa kampuni ya mume wako ukaombe mkataba wenyewe. Kile kijitabu wanachogawiwa wafanyakazi hakitoshi. Kadi anayo mfanyakazi, lakini mkataba anao mwajiri, na wengi hawajawahi kuuona. Sisi tulizungushwa wiki mbili, na ulipopatikana tulijifunza mengi kwa dakika ishirini kuliko miezi minne ya kupiga simu. Na wanaokuambia humu "NHIF inalipa" wanasema ya kwao. Ule ni mfuko wa umma wenye taratibu na vibali vyake, mtumishi anakatwa asilimia 3 na mwajiri anaongeza 3. Ya mume wako ni biashara ya mkataba, na jibu lako limo ndani ya karatasi zile tu.

Tulipoomba kibali cha upasuaji, kampuni ile ya bima (siitaji, yaliisha) ikatujibu kwa mistari mitatu kwamba ni ugonjwa uliokuwepo kabla ya kujiunga. Mdogo wangu alitaka kukata tamaa palepale. Kilichotuokoa ni kadi ya kliniki ya presha iliyolowa chai, yenye tarehe ya 2018, wakati kwenye bima aliingia 2016. Tukaandika barua, tukaambatanisha nakala ya kadi na barua ya daktari, chini tukaweka "Nakala: Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA". Mstari ule una uzito wake, maana hawa ndio wanaosimamia kampuni zote za bima. Mbele yake yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, kwa anayeona ameonewa. Hatukufika huko. Baada ya wiki sita wakakubali kulipa upasuaji wa mgonjwa hadi kikomo cha kulazwa.

Wa mgonjwa. Soma hapo mara mbili, kwa sababu hapo ndipo daftari langu lilipoanza kujaa.

Anayetoa figo naye ni mgonjwa wa siku hiyo. Anapimwa kuanzia kichwani hadi unyayoni: kundi la damu, sukari, presha, moyo, homa ya ini, virusi vya UKIMWI, picha ya mishipa ya figo, kisha damu yake inachanganywa na ya mgonjwa kuona kama zinagombana. Analazwa, anapasuliwa, anahitaji dawa za maumivu na kitanda. Kwenye mkataba wetu yeye "si mnufaika". Nukta. Tulilipa kila senti yake mfukoni. Na usidhani utapima mmoja. Dada yetu mkubwa alijitokeza wa kwanza, kwa machozi na maombi, akapimwa wiki nzima, mwisho wakamkuta na sukari ambayo hata mwenyewe hakuijua. Laki tisa zikaenda. Siku hizi nawaambia watu waanze na vipimo vya bei ndogo, sukari na presha na kundi la damu, kwa ndugu wote kwa pamoja, ndipo wachague wa kumpeleka kwenye picha za gharama. Hiyo chanya na hasi ya kundi la damu isiwasumbue, kwa figo haiangaliwi. La muhimu ni herufi. Mdogo wangu ni B, aliyetoa ni O, ikakubali.

Aliyetoa ni ndugu yetu wa kati, fundi wa magari pale Majengo, Moshi. Hospitali walimhoji peke yake, sisi nje, wakitaka kujua kama kuna aliyemlazimisha au kumlipa. Tukapeleka vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya taifa, barua ya serikali ya mtaa, na muhtasari wa kikao cha familia wenye sahihi. Yeye alitania tu: "Mwambieni mdogo wangu, mbege ya Krismasi ndiyo malipo." Lakini fundi hana likizo. Daktari alimkataza kunyanyua vitu vizito, na gereji bila kunyanyua ni gereji ya nani? Miezi mitatu tulimlipa kama anavyoingiza, kila Jumamosi, mkononi mwa mkewe. Fungu hilo hakuna bima iliyolifikiria, na sioni watu wakiliweka kwenye bajeti. Liwekeni. Mtu asitoe figo halafu watoto wake wafukuzwe ada.

Kuhusu mahali: zamani sisi wa huku tulikuwa tunafikiria India tu, na huko sheria yao ya 1994 inataka uhusiano wenu uthibitishwe hadi na ubalozi. Muhimbili ilianza kupandikiza Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma Machi 2018. Tulichagua Dodoma. Kwa mtu wa Arusha unapita Babati na Kondoa, barabara ya lami, na ndugu wanaweza kupokezana. Ilikuwa Agosti 2022. Mtoaji aliruhusiwa ndani ya wiki, mgonjwa alikaa zaidi, halafu tukapanga chumba karibu kwa ajili ya kliniki za mfululizo. Kitu kimoja kilichomshangaza mama: figo za zamani hazikutolewa. Mpya iliwekwa chini ya tumbo, upande wa kulia, ukigusa unaisikia. "Kwa hiyo sasa ana tatu?" Ndiyo mama, ana tatu, moja ndiyo inafanya kazi.

Michango. Watu wa Moshi tunajuana: harusi utapata ahadi milioni thelathini kwa vikao vinne, ugonjwa unapata "tuko pamoja katika maombi". Sisemi kwa ubaya, na mimi nimo. Kundi la WhatsApp lilikuwa na watu 112, walioleta fedha 47. Kwenye daftari nilichora safu mbili, ahadi na taslimu, na hospitali nilikwenda na ile ya taslimu tu. Baba mdogo mmoja alipendekeza tuuze kipande cha kihamba, lile shamba la ukoo. Kikao kilinyamaza hadi ukasikia ng'ombe akicheua nje. Hakikuuzwa, lakini kwa sababu ambayo sikuijua siku ile: upasuaji haukuwa mlima wenyewe.

Mlima ni dawa. Takrolimusi, mikofenoleti, prednisoloni, hizi za kuzuia mwili usiikatae figo mpya, kila siku ya Mungu, maisha yote ya ile figo. Saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kengele ya simu inalia hata akiwa kanisani. Mwezi wa kwanza dawa na vipimo vya kuangalia kiwango cha takrolimusi kwenye damu vilikula laki nane na ushee. Baadaye dozi hupungua na gharama nayo, lakini haifiki sifuri. Na bima? Ilizihesabu kwenye lile fungu la magonjwa sugu, milioni 10, ileile iliyoisha Aprili. Tena ililipia aina moja tu ya kidonge. Daktari akatuonya tusibadilishe aina kiholela, kila ukibadilisha upime kiwango upya. Hata balungi limepigwa marufuku nyumbani kwake, linapandisha dawa kwenye damu. Mara mbili tumekosa dawa huku, ikabidi itumwe kwa basi kutoka Dar, nikaisubiri stendi kuu Moshi saa tatu usiku kama mtu anayesubiri mgeni.

Kwa hiyo kiwanja chenu, kama hakuna njia nyingine, ni cha dawa za miaka inayokuja. Mkikiuza leo kwa bei ya haraka, mteja akijua mna mgonjwa, fedha zitaisha kwenye mashine na vipimo, na siku figo ikiwa imekaa vizuri hamtakuwa na kitu cha kuilindia.

Iandikieni bima barua wiki hii, si simu. Waulizeni kikomo cha magonjwa sugu kimebaki kiasi gani kwa mwaka huu na kinaanza upya tarehe gani. Gharama za mtoaji mnalipa au hamlipi? Dawa za baada ya upandikizaji zinakatwa kwenye fungu lipi? Na mume wako akiachishwa kazi kwa ugonjwa, kadi inakufa siku ngapi baadaye? Hilo la mwisho sisi hatukuuliza. Mkataba wa mdogo wangu kule shambani ulikwisha Desemba, na kadi ikafa huku yeye amebakiwa na vidonge vya siku kumi na moja.

Halafu jambo la kitabibu linalogusa mfuko: damu ikimpungua, muulizeni daktari kuhusu sindano ya eritropoetini, inayousukuma mwili utengeneze damu wenyewe, kabla ya kukimbilia chupa ya damu. Kuongezewa damu kunaweza kuufanya mwili utengeneze kinga zitakazoikataa figo ya ndugu yake baadaye. Kwetu bima ililipia chupa, sindano haikulipia, na tulikaribia kufuata cha bure.

Wakikujibu, ficha jina na namba ya kadi, uyaweke hapa majibu yao. Nitakaa nayo na miwani yangu.