Upinde wa bei nafuu: anza na mabawa mepesi, mazito utayanunua baadaye

Mwenye dola 300 anayetaka upinde wa mazoezi na wa kuwindia kulungu hahitaji pinde mbili. Anahitaji mmoja wa kufunguliwa: mpini wa mbao katikati, na mabawa mawili ya mbao na faibaglasi yanayofungwa kwa skrubu, moja juu na moja chini. Hapa Colorado ninakoishi, ndugu wa Afrika Mashariki wanaotaka kuanza huniuliza wanunue upinde gani, na jibu langu halijabadilika: nunua mpini mzuri wenye mabawa mepesi, yaani yanayovutika kwa nguvu ndogo (nguvu hiyo hupimwa kwa pauni), jifunze nao, kisha ununue mabawa mazito peke yake. Mpini utabaki ule ule.

Unaofahamika zaidi wa aina hiyo ni Sage, wa urefu wa inchi 62, uliopata sifa ukiuzwa kwa jina la Samick, kampuni ya Korea Kusini. Mabawa yake huanzia pauni 25 na kupanda tano tano hadi 60. Ziko pinde nyingi zilizofuata mtindo wake, na nyingi bei yake haifiki dola 200. Sioni sababu ya anayeanza kulipa zaidi ya hapo. Pinde ndefu za kipande kimoja zina uzuri wake, nami nazipenda sana, lakini ukishanunua wa pauni 50 ndio huo huo, huwezi kuupunguza.

Uzito ndio unaopoteza pesa za watu. Muuzaji atakwambia mtu mwenye kifua kama chako anavuta pauni 50 bila taabu, na kweli dukani utauvuta mara moja, mara mbili. Lakini upinde wa kienyeji kama huu hauna magurudumu ya kukupunguzia mzigo, kama yale ya pinde za kisasa. Ukifika mwisho wa kuvuta, uzito wote uko vidoleni na mgongoni, na hapo ndipo unapotakiwa kutulia na kulenga. Aliyezidiwa huachia kabla upote, yaani kamba ya upinde, haujafika kwenye pembe ya mdomo, na bega la mkono ulioshika mpini humpanda hadi sikioni. Tabia hizo mbili zikishazoeleka, kuziondoa ni kazi kubwa. Mtu mzima mwenye afya na aanze na pauni 25 au 30, bila kuona haya.

Namba iliyoandikwa kwenye bawa nayo isomwe vizuri. Ni uzito wa upinde ukiwa umevutwa inchi 28, na wengi wetu hatuvuti kiasi hicho. Nyoosha mikono yote miwili pembeni, pima kutoka ncha ya kidole hiki cha kati hadi cha upande wa pili, ugawe kwa 2.5. Ukipata inchi 65, mvuto wako ni kama inchi 26. Kila inchi inayopungua huondoa pauni 2 hadi 3, kwa hiyo mabawa yaliyoandikwa 40 yatakupa 35 hivi. Na 35 ndicho kiwango cha chini cha upinde wa kuwindia hapa Colorado, pamoja na kigumba (ncha ya mshale) chenye upana usiopungua inchi 7/8 na makali ya chuma angalau mawili. Mwenye mikono mifupi achukue mabawa ya 45 msimu ukikaribia. Kila jimbo lina kanuni zake, zisome za mwaka huo huo. Na walioko nyumbani wakumbuke kwamba Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kulenga shabaha ni jambo jingine. Uingereza nako kuwinda kwa upinde ni kosa.

Kwa kulungu, pauni 40 au 45 zinatosha kabisa, mradi umbali usizidi mita 20. Mshale hauui kwa kishindo kama risasi, unaua kwa kukata. Ndiyo maana nakasirika nikimwona mtu amelipa mamia ya dola kwa upinde halafu anaingia porini na kigumba butu. Mnyama anastahili wembe.

Pesa iliyobaki iwekwe kwenye mishale. Ugumu wa mshale ulingane na upinde: kwa pauni 40 wengi hutumia wa namba 500 au 600, na namba ikiwa ndogo mshale ni mgumu zaidi. Mshale usiolingana utakwenda upande hata mkono uwe mtulivu namna gani. Chagua wenye manyoya halisi ya ndege, kwa sababu kwenye upinde huu mshale hupita ukigusa mpini. Unyoya hulala ukapita, plastiki hugonga na kuupotosha. Uzito nao usiwe mdogo. Gramu 26 kwa upinde wa pauni 40 ni kipimo kizuri, kwani mshale mzito huzama zaidi na upinde hupiga kelele kidogo. Ile ya kaboni ikunje kidogo kabla ya kila duru usikilize kama inalia, maana iliyopasuka inaweza kuvunjika na kukuingia mkononi.

Upinde uliokwishatumika na mtu mwingine wakati mwingine ni bahati njema. Utazame ukiwa umevishwa upote: upote upite katikati ya mabawa yote mawili. Pitisha pamba juu ya mabawa, ikinasa kuna ufa. Kama ni wa zamani, uvishe upote wa dakroni, aina ya uzi wa poliesta, kwani huvutika kidogo na kuzihurumia ncha. Na usiachie kamwe upote bila mshale, wala usiuache upinde kwenye gari lililofungwa juani.

Mabawa mazito yanunuliwe lini? Ukiweza kuvuta, kushikilia kwa sekunde tano bila kutetemeka, na mishale yako yote ikaingia kwenye sahani ya chakula kutoka mita 15. Kutoka 30 nenda 35 au 40, usirukie 50. Yale mepesi usiyauze. Baada ya mapumziko ya majira ya baridi utayafunga tena kwa wiki chache, mwili uamke, ndipo urudi kwenye mazito.