Kabla Hujapangiwa Mgonjwa Asiyetarajiwa Kupona

Wanafunzi wengi wa uuguzi ninaowapokea wodini huja wakidhani kwamba tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, ni kazi ya siku za mwisho pekee, ilhali huduma hii hupaswa kuanza mapema, ugonjwa unaotishia maisha unapobainika, na kwenda sambamba na matibabu mengine. Kauli ya kwamba "hakuna la kufanya tena" usijizoeze kuitamka, kwa kuwa ya kufanya huwa bado ni mengi, na sehemu kubwa humwangukia muuguzi.

Anza na maumivu. Nikiwa mwanafunzi nilimtaka mzee mmoja mwenye saratani ayapime maumivu yake kati ya 0 na 10. Akasema 3, nikaandika 3 nikaondoka. Muuguzi aliyenisimamia alinirudisha kitandani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mkono wake umeuangalia?" Ulikuwa umeifumbata shuka mpaka mishipa imesimama. Binti yake alikuwa ameketi pembeni, naye mzee hakutaka kumliza. Binti alipotoka nje, 3 ile ikawa 8. Cicely Saunders, ambaye alikuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari na mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice, kituo cha kuwatunza wagonjwa wanaokaribia kufa, jijini London, alifundisha kwamba maumivu ya mwili, ya moyo, ya kijamii na ya kiroho husukana pamoja; mimi nililielewa somo hilo kwenye shuka ile.

Mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, huwatisha wanafunzi kuliko inavyostahili. Ile ya kunywa inayofanya kazi haraka hutolewa kwa kawaida kila baada ya saa 4, kwa kufuata saa, bila kungoja mgonjwa alalamike. Hesabu pumzi zake, angalia kama usingizi unamzidi kupita kiasi, na siku ileile anayoanza dawa hakikisha ameandikiwa na ya kulainisha choo, kwani kufunga choo huwapata karibu wote na hakuishi kwa kuzoea dawa.

Siku moja utaulizwa, "Nitapona?" Usikimbilie kujibu, wala usibadili mazungumzo kwa kurekebisha mto. Vuta kiti, umuulize ni nini kimemfanya awaze hayo leo, kisha unyamaze. Mara nyingi atakuwa anataka kujua nani atawalea watoto, au kama atateseka. Usiloweza kulijibu, mwambie utalifikisha kwa daktari, na ulifikishe kweli.

Saa za mwisho pumzi za mgonjwa zinaweza kukoroma kwa sababu ya makohozi asiyoweza kuyameza. Sauti hiyo huwaumiza zaidi wanaosikiliza; mgeuze ubavu taratibu, waeleze ndugu kinachotokea, na usiwe mwepesi wa kuchukua mashine ya kufyonza, kwa kuwa aghalabu humsumbua bure. Midomo ikikauka, lowanisha kipande cha pamba kwa maji, kikamue, kisha mwonyeshe mmoja wa ndugu namna ya kuipangusa, umwachie aendelee yeye.