Mchango Usiosomwa Kikaoni

Mweka hazina wa kamati ya harusi huwajua watu vizuri sana. Nimeshika nafasi hiyo Tabata na Mbagala, Dar es Salaam, kwa miaka, na nimejifunza kwamba mkono wa mtu hufunguka kulingana na wanaomtazama. Ahadi zikisomwa kwa sauti, aliyekusudia elfu thelathini akisikia jirani katoa laki, naye anataja laki. Kwenye orodha ya WhatsApp ni vilevile: wa kwanza akiandika elfu ishirini, wote wanashukia hapohapo.

Kinachoniuma ni kingine. Mama wa mwanakamati mwenzetu alilazwa. Tulipopiga simu kuomba hela ya dawa, tuliambiwa tusubiri mwisho wa mwezi. Mama alipofariki, jioni moja tu ilitosha kupata turubai, viti, vitenge vya sare na basi la kwenda kuzika. Watu walewale! Sidhani kama wana roho mbaya. Msibani mtu anaonekana, wodini haonekani, ingawa msikitini na kanisani wote tumefundishwa kutoa kwa siri.

Basi nakushauri, mshahara ukiingia, tenga fungu la mgonjwa kabla ya la harusi. Ukienda hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala, usimuulize mgonjwa anahitaji nini, maana atakujibu "nashukuru". Mvute pembeni ndugu anayemuuguza, umuulize dawa gani haijanunuliwa na kama ana nauli ya kurudi nyumbani. Familia ikiwa imekwama kabisa, ielekeze ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini. Hospitali za serikali zina utaratibu wa msamaha kwa wasio na uwezo, na wengi wanauza vitu vya ndani kwa kutoujua.

Halafu kuna damu. Mwanaume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Hakuna kikao kinachosoma orodha ya waliochangia damu, lakini mama aliyejifungua kwa shida anaisubiri damu hiyo.

Ukiwa wewe ndiye mwenye mgonjwa, usiandike kwenye kundi "naomba mniguse". Ombi la wote halina mwenyewe. Mpigie mtu mmoja, mtajie dawa na bei yake, umwombe ainunue yeye.

Wapenda kuonekana usiwaumbue. Laki yao inanunua mchele uleule, mimi naipokea na kuwashukuru. Ila usimpime mtu kwa laki hiyo unapotafuta wa kuingia naye kikoba. Angalia kama dada wa kazi nyumbani kwake analipwa kwa wakati.

Na kama uko kwenye kamati msimu huu, kikao kijacho, kabla ahadi hazijasomwa, omba dakika tano uulize nani kati yenu anauguza. Aliyekaa kimya mfuate baada ya kikao, mkiwa wawili tu.